Mwongozo kamili: kutengeneza bomba la voteksi linalotoa baridi kweli kwa kompresa ndogo

Malalamiko ninayoyapata kuhusu bomba la voteksi, yaani bomba linalogawa hewa iliyobanwa kuwa mkondo wa baridi na mkondo wa moto, karibu yote ni yale yale: limetengenezwa, linapiga mluzi, linamaliza upepo wa tangi, lakini ukiweka mkono huku na huku hewa ni ile ile. Kazi ya kukereza mara nyingi ni safi tu. Kinachowaangusha watu ni presha inayolifikia bomba. Geji ya tangi inasoma bar 7, mlangoni mwa bomba zimebaki 2 au 3, na mhusika hajui kwa sababu pale mlangoni hakuweka geji.

Basi mwongozo huu unahusu bomba dogo linaloendana na kompresa ya kawaida ya tangi la lita 50, ile ya fundi pancha au ya fundi rangi za magari. Historia ya Ranque na Hilsch, ambao bomba hili linaitwa kwa majina yao, tunairuka.

## Kinachotokea ndani

Hewa iliyobanwa inaingia kwa ubavu, ikiambaa ukuta wa ndani, kwa hiyo inaanza kuzunguka kwa kasi kubwa. Inasafiri ikizunguka hivyo hadi mwisho wa mbali, ambako koni imeziba katikati na kuacha mwanya mwembamba pembezoni. Hewa ya pembeni inatoka hapo ikiwa ya moto. Ya katikati haina pa kutokea, inageuka na kurudi kupitia kiini cha mzunguko, kisha inatoka kwenye tundu dogo la upande wa pili ikiwa ya baridi.

Katikati ya mzunguko presha ni ndogo kuliko pembeni. Hewa inayosogea ndani inatanuka na kupoa, na wakati huohuo inasuguana na tabaka la nje na kulisukuma, yaani inalikabidhi nishati yake. Hakuna nishati mpya iliyozaliwa. Joto lililoongezeka upande mmoja ndilo lililopungua upande wa pili, na hesabu hiyo tutaitumia baadaye kupima bila kununua kifaa cha kupimia mtiririko.

Kuachia upepo tu kupitia tundu hakukupi baridi ya maana: bila mzunguko, hewa hupoa takriban sehemu mbili za kumi za nyuzi joto kwa kila bar inayoshuka. Kutoka bar 6 utapata nyuzi moja na ushee, basi. Chochote kinachoharibu mzunguko kinaharibu kifaa chote.

## Vifaa

Vya bomba lenyewe:

- Tii (kiungo chenye umbo la herufi T) ya brasi ya nusu inchi, nyuzi za ndani pande zote tatu
- Plagi mbili za brasi za nusu inchi zilizojaa, zisiwe na shimo ndani
- Kipande cha fimbo ya brasi, kipenyo milimita 14 au zaidi, cha kukereza bushi (silinda fupi yenye tundu katikati, inayokaa ndani ya tii)
- Neli ya kopa ya inchi 3/8, ile ya mafundi friji, urefu wa sentimita 20. Ndani ina karibu milimita 8
- Boliti ya M10 (ya spana 17) yenye nati mbili
- Ubapa mwembamba wa chuma wa kutengenezea kishikio
- Karatasi ya gaskiti ya unene wa nusu milimita hadi moja
- Biti za kutobolea: milimita 1.2 (nunua tatu, zinakatika), 3.5, 4, 8 na 9.6

Vya upepo na vipimo:

- Mpira wa upepo wenye tundu la milimita 10 ndani, mfupi kadiri unavyoweza
- Koki, regyuleta (kirekebisha presha) yenye kitega maji, na geji ya pili ya presha
- Multimita yenye waya wa kupimia joto, nyaya mbili zikiwezekana
- Tepu nyeupe ya nyuzi za mabomba
- Miwani ya kinga na vizibo vya masikio

Usitumie bomba la plastiki la maji mahali popote penye presha. Likipasuka kwa upepo linarusha vipande vyenye ncha kila upande. Maji yanapovuja hayafanyi hivyo kwa sababu hayajabanwa kama hewa. Na usifikirie kutumia mtungi wa oksijeni badala ya kompresa. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi huwaka.

## Hatua ya 1: Pima kompresa yako

Usiamini namba ya lita kwa dakika iliyobandikwa kwenye mashine. Mara nyingi ni kiasi inachovuta, na kinachofika tangini ni pungufu ya hapo.

Funga koki ya kutolea, washa mashine, kisha hesabu sekunde kutoka bar 4 hadi bar 6. Tangi la lita 50 likipanda bar 2 limepokea lita 100 za hewa ya kawaida. Zikitumika sekunde 40, mashine yako inatoa lita 150 kwa dakika.

Tundu moja la milimita 1.2 kwa presha ya bar 6 linakula kama lita 80 kwa dakika. Kwa hiyo kompresa ya lita 150 inabeba matundu mawili. Wengi huchonga manne au sita kwa sababu wameona mchoro wa bomba la kiwandani. Kwa manne, tangi la lita 50 lililojaa bar 8 litashuka hadi bar 5 katika muda usiofika dakika moja, mashine ikiwa inafanya kazi muda wote. Hapo huwezi kurekebisha chochote, maana kila ukigusa koni presha nayo imeshabadilika.

Mfano wetu ni wa matundu mawili.

## Hatua ya 2: Kereza bushi

Bushi ndiyo moyo wa kifaa. Mpe fundi wa kukereza vipimo hivi: kipenyo cha nje milimita 14, tundu la katikati milimita 8, na upande mmoja lipanuliwe hadi milimita 9.6 kwa kina cha milimita 8 ili neli ya kopa ikae humo. Neli ikishaingia, ukuta wa ndani unapaswa kuendelea bila ngazi. Pitisha kidole cha mwisho au kijiti: kisikwame popote.

Kuhusu urefu, pima tii yako mwenyewe, kwa sababu hazifanani. Kaza plagi zote mbili kwa mkono, pima nafasi iliyobaki kati yake kwa ndani, kisha ongeza milimita moja. Tunataka plagi ya baridi iibane bushi kabla haijafika mwisho wa nyuzi zake.

Nje ya bushi, ndani ya tii, lazima kubaki uwazi wa kuzunguka pande zote. Humo ndimo upepo unajaa kabla ya kuingia kwenye matundu. Bushi ikigusa ukuta wa tii upande mmoja, tundu la upande huo litakufa njaa.

## Hatua ya 3: Chomea upande wa moto kwanza

Toboa plagi moja katikati kwa biti ya 9.6, pitisha neli, ingiza ncha ya neli kwenye bushi, kisha mpelekee fundi friji achomee kwa rodi ya fedha: neli na bushi, neli na plagi. Vitoke vikiwa kipande kimoja kilichonyooka.

Mpangilio huu una sababu. Ukitoboa matundu madogo kwanza halafu uchomee, rodi iliyoyeyuka hupenda kukimbilia kwenye tundu dogo lililo karibu, na tundu la milimita 1.2 likishajaa fedha ni nadra kulirudisha katika hali yake.

## Hatua ya 4: Toboa matundu ya kuingizia upepo

Hapa usiwe na haraka. Tundu halielekei katikati ya bushi. Linapita pembeni, likiambaa ukuta wa ndani.

Hesabu yake: nusu ya tundu kubwa ni milimita 4, nusu ya tundu dogo ni 0.6. Toa, unapata 3.4. Kitovu cha tundu dogo kiwe milimita 3.4 kutoka mstari wa katikati ya bushi. Likiwa 2 tu, upepo unapiga katikati na mzunguko unavurugika. Likiwa 4, nusu ya biti inatafuna ukuta.

Biti nyembamba ikiwekwa juu ya mviringo inateleza na kukatika. Kwa hiyo:

1. Funga bushi kwenye jiliwa, ukiweka kipande cha mbao kila upande ili isichubuke.
2. Kwa tupa, tengeneza ubapa mdogo pale tundu litakapokuwa.
3. Chora mstari wa katikati kwenye uso wa bushi, pima 3.4 kwa kalipa, piga alama kwa sindano ngumu.
4. Umbali kutoka uso wa upande wa baridi uwe milimita 2. Upepo unatakiwa uanze kuzunguka karibu kabisa na mdomo wa baridi.
5. Toboa kwa mashine ya kusimama, kasi kubwa, mkono mwepesi, ukitoa biti mara kwa mara kusafisha vumbi la brasi.
6. Geuza bushi nusu mzunguko, rudia upande wa pili.

Matundu yote mawili yazungushe hewa upande mmoja. Ukikosea, moja linasukuma kulia na jingine kushoto, na bomba litatoa kelele bila baridi. Namna ya kuhakikisha: ingiza waya mwembamba kwenye kila tundu na uangalie kutoka mbele. Waya zote mbili zielekee kufuata mshale wa saa, au zote kinyume chake.

Mwisho, zungusha biti ya 8 kwa mkono ndani ya bushi kuondoa chuma kilichokunjukia ndani. Ukucha mdogo wa brasi mahali hapo unatosha kukupotezea nyuzi kadhaa za baridi.

Ukifanikiwa: puliza kwa mdomo kwenye tundu moja huku umeshikilia unyoya au uzi mwembamba ndani ya bushi. Uzi unazunguka ukutani, hausukumwi upande wa pili.

## Hatua ya 5: Mdomo wa baridi

Plagi ya pili itobolewe katikati kwa biti ya 3.5, kisha upande wa nje upanuliwe kidogo kidogo kama faneli. Anza na 3.5. Kupanua hadi 4 baadaye ni rahisi, kupunguza huwezi.

Kata gaskiti ya mviringo yenye tundu la milimita 8, iweke kati ya plagi na uso wa bushi, kaza. Hapa ndipo uvujaji mbaya zaidi hutokea, na hauonekani kwa nje. Hewa ikipenya kati ya plagi na bushi inaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa baridi bila kuzunguka hata mara moja. Inatoka ikiwa na joto la kawaida na kuchanganyika na baridi uliyoihangaikia. Povu la sabuni halitakuonyesha hilo. Njia pekee ni kufungua na kuangalia: gaskiti iliyobanwa vizuri inabaki na alama kamili ya duara la bushi.

## Hatua ya 6: Koni ya upande wa moto

Chonga ncha ya boliti ya M10 iwe koni kali, kama digrii 60, nyororo, iliyosuguliwa kwa msasa. Kunja ubapa wa chuma uwe kama herufi U, chomea nati katikati yake, na miguu miwili ichomewe kwenye ubavu wa neli. Boliti inapita kwenye nati ikielekea mdomo wa neli, na hewa inatokea pembeni ya koni.

Nati ya pili ni ya kufungia. Usiiache. Boliti iliyolegea mbele ya upepo wa bar 6 ni risasi.

## Hatua ya 7: Njia ya upepo

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa, na ndiyo niliyoianzia. Mpangilio kutoka tangini: mpira mpana, kipoozeo, kitega maji na regyuleta, koki, geji, tii ya bomba. Geji ikae baada ya kila kitu, sentimita chache kabla ya bomba.

Kapla za kubonyeza, yaani viungio vya haraka vya mpira, za bei rahisi zina njia nyembamba sana ndani, na kila moja inakata presha. Ziondoe zote, funga kwa nyuzi na tepu. Mpira wa njano wa mzunguko, ule unaojikunja kama springi, uache kwa kujazia matairi.

Kipoozeo ni mita mbili au tatu za neli ya kopa zilizozungushwa ndani ya ndoo ya maji. Hewa inayotoka kwenye kompresa iliyofanya kazi robo saa ni ya moto, na bomba linapunguza joto kutoka pale lilipoanzia. Ukiliingizia hewa ya nyuzi 45 likashusha 15, unapata 30, na mkono wako utakuambia kifaa hakifanyi kazi wakati kinafanya.

Kuna na suala la unyevu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa imejaa maji. Mvuke ukiganda kuwa matone ndani ya mkondo wa baridi unatoa joto lake humo humo na kukula sehemu ya baridi yako. Ndiyo maana kitega maji kinakaa baada ya ndoo, si kabla: hewa ipoe kwanza, maji yajitenge, ndipo yategwe. Na toa maji ya tangi kila siku kabla ya kuanza.

Ukifanikiwa: koki ikiwa wazi na upepo unapita, geji ya mlangoni inasoma bar 5 au zaidi. Kusoma 6 wakati koki imefungwa hakuna maana yoyote.

## Hatua ya 8: Washa na urekebishe

Vaa miwani na vizibo vya masikio. Kelele yake ni kali hata kwa bomba dogo. Usielekeze mdomo wowote kwenye ngozi au uso.

Kaza koni hadi iguse, kisha ilegeze robo mzunguko. Fungua koki polepole hadi mwisho.

Shika kipande cha tishu karibu na mdomo wa baridi. Ikipeperushwa nje, endelea. Ikivutwa ndani, koni iko wazi mno: karibu hewa yote inakimbilia upande wa moto na kiini cha mzunguko kinanyonya hewa ya chumba. Watu wengi huona jambo hili na kudhani wamefunga kitu kinyume. Kaza koni kidogo tu, tishu itageuka.

Sasa sogeza koni kwa moja ya nane ya mzunguko, subiri dakika moja, soma joto, andika. Koni ikifunguliwa zaidi, hewa inayotoka upande wa baridi inapungua kiasi lakini inakuwa baridi zaidi. Ikifungwa, inakuja nyingi lakini vuguvugu. Baridi kali kabisa hupatikana pale upande wa baridi unapopewa robo hivi ya hewa yote. Lakini nguvu kubwa ya kupoza kitu, yaani joto linaloondolewa kwa dakika, iko pale unapopewa asilimia 60 hadi 80. Amua unataka nini kabla hujafunga nati.

## Hatua ya 9: Pima bila kujidanganya

Waya wa joto ukae katikati ya mkondo wa hewa bila kugusa chuma. Pima tatu: hewa inayoingia, inayotoka baridi, inayotoka moto. Bunduki ya kupimia joto kwa miale usiielekeze kwenye kopa inayong'aa, inasoma uongo. Kama huna kingine, bandika tepu nyeusi ya umeme na upime juu yake.

Tuseme inayoingia ni 30, baridi 15, moto 52. Baridi imeshuka 15, moto umepanda 22. Chukua 22, gawa kwa jumla ya 15 na 22, yaani 37. Jibu ni 0.59: asilimia 59 ya hewa inatokea upande wa baridi. Hesabu hii inatokana na ile kanuni ya nishati tuliyoitaja, na inakuwa sahihi zaidi ukivika neli povu jeusi la mafundi AC.

Kanuni hiyo hiyo inakufichulia vipimo vibovu. Pande zote mbili zikisoma baridi kuliko hewa inayoingia, bomba halijafanya muujiza; waya wa mlangoni unasoma chuma cha moto au umeupima mapema.

Kwa bomba la mkono namna hii, kushuka nyuzi 15 ni kazi nzuri, 20 ni nzuri sana. Ya kiwandani, kwa karibu bar 7, hushuka zaidi ya 60. Matundu yao yamechongwa kwa usahihi ambao jiliwa na tupa havifiki.

## Likigoma

Pande zote joto sawa. Angalia geji ya mlangoni kwanza, upepo ukiwa unapita. Ikiwa chini ya 4, usifungue bomba. Rudi Hatua ya 7. Ikiwa sawa, angalia mwelekeo wa matundu.

Moto upo, baridi hakuna. Gaskiti ya Hatua ya 5, au tundu la baridi limepanuliwa mno.

Baridi inakuja kisha inapotea baada ya dakika chache. Presha ya tangi inashuka, au maji ya ndoo yamepata joto. Badilisha maji.

Linatema matone. Kitega maji kimejaa.

Baridi inapotea ukiunganisha mpira mbele. Mpira ni mwembamba au mrefu. Mdomo wa baridi hauvumilii kuzuiwa; tumia mpira mpana, mfupi.

## Litumie kwa kazi gani

Kwa lita 150 kwa dakika, asilimia 60 upande wa baridi na mshuko wa nyuzi 15, unapata kama wati 27 za kupoza. Kompresa ya nguvu farasi mbili inakula wati 1,500 kukupa hizo. Kwa hiyo anayetaka kupoza chumba anunue feni.

Linafaa pale joto liko kwenye nukta moja: ncha ya biti inayotoboa akriliki bila kuiyeyusha, sindano ya cherehani inayoshona nailoni nzito. Kwenye bodi ya umeme yenye kijenzi kinachozingua kikipata moto, unakipuliza baridi kimoja kimoja hadi mashine ipone; hapo hakikisha kitega maji kimemwagwa. Viwandani hulipenda kwa makabati ya umeme yaliyo kwenye vumbi, kwa sababu hewa safi inayoingia inasukuma vumbi nje na hakuna feni ya kuharibika.

Upande wa moto ukiwa unafanya kazi usiushike kwa mkono mtupu, na koni usiikaze hadi mwisho kwa muda mrefu. Ukimaliza, funga koki, subiri geji ya mlangoni ishuke hadi sifuri, ndipo uguse nyuzi yoyote.